Nyagah wa Embu na bei ya siasa za wastani

Jumamosi moja asubuhi hapa Gakoromone, akina mama wakiwa wangali wanashusha ndizi na viazi kutoka kwenye malori, lilipita gari lenye vipaza sauti likimtukana mwanasiasa fulani. Haikupita nusu saa likaja gari la pili, likimtukana yule aliyelituma la kwanza. Wachuuzi hawakuinua hata vichwa. Tumezoea. Kaunti yetu ya Meru ndiyo ambayo Wawakilishi wake walianza kutaka kumng'oa Gavana wao kabla hajamaliza hata mwaka mmoja ofisini, wakarudia tena na tena, mpaka Seneti ikamwondoa Agosti 2024 na Mahakama Kuu ikaidhinisha uamuzi huo Machi 2025. Mtu aliyezoea ngurumo ya kila siku hafungui mwavuli.

Nilikuwa nimeketi katika mkahawa ulio nyuma ya soko pamoja na kijana wa Kidato cha Nne ninayemsaidia katika somo la Historia. Alikuwa ameandika katika daftari lake majina ya Waafrika 14 waliokuwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958. Mboya alimjua, Odinga alimjua, Moi alimjua. Akaweka kidole juu ya jina moja na kuniuliza: "Mwalimu, huyu Jeremiah Nyagah ni wa hapa Embu. Nimesoma kwamba alikuwa mwanasiasa wa wastani. Maana yake ni nini? Kwamba hakuwa na msimamo?"

Nilimpa jibu la haraka, jibu la mwalimu mstaafu asiyetaka chai yake ipoe. Nilisema kwamba mwanasiasa wa wastani ni yule asiyependa makeke. Lakini swali lile halikunitoka, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kwamba nilimdanganya kijana wa watu. Nimeona afadhali nilijibu upya hapa, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wengine ambao huenda nao wana swali hilo hilo.

Neno lenyewe tayari lina kasoro. Shuleni wastani ni alama: huyu kapata 90, yule kapata 10, wastani ni 50. Kwa hivyo tukimwita mtu mwanasiasa wa wastani tunamfikiria kama mtu wa alama 50, si moto si baridi. Wazee wetu hawakuufikiria ukadiri hivyo. Katika baraza la Njuri Ncheke, ambalo makao yake makuu yako Nchiru, mzee anayesifiwa ni yule anayesikiliza pande zote hadi mwisho kisha akasema neno ambalo kila upande unaweza kulibeba ukarudi nalo nyumbani. Lakini zingatia, msomaji, kwamba mwishoni anasema. Mzee aendaye Nchiru akaketi, akasikiliza, akala nyama na kurudi kwake bila ya kutamka lolote hajawa mwamuzi. Amekuwa mgeni tu.

Nyagah alizaliwa mwaka 1920 katika nchi ya Embu, akasoma katika Shule ya Upili ya Alliance, akaenda Chuo cha Makerere na kurudi kuwa mwalimu. Njia hiyo ndiyo iliyowapitisha karibu wanasiasa wote wa kadiri wa eneo la Mlima Kenya. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alikuwa mwalimu. Bernard Mate wa huku kwetu Meru, aliyemshinda Mathu katika uchaguzi wa Machi 1957, alikuwa mwalimu pia. Tulikuwa na zama ambazo chaki ilikuwa ndiyo tiketi ya kuingilia siasa. Siku hizi tiketi ni nyingine, na sina haja ya kuitaja.

Uchaguzi huo wa 1957 hatuna budi kuuelewa, maana bila ya kuuelewa hatuwezi kumwelewa Nyagah. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao wenyewe, na viti vilikuwa vinane tu. Katika Mkoa wa Kati, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura ila awe na cheti cha uaminifu, yaani karatasi ya Serikali iliyothibitisha kwamba hakuhusika na Mau Mau. Huku Meru walioandikishwa walikuwa wengi kuliko katika wilaya za Wakikuyu, na kwa sababu hiyo Mate akashinda na Mathu akaanguka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, viti sita viliongezwa. Ndipo walipoingia Dakta Gikonyo Kiano, na Francis Khamisi wa Mombasa aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la Kiswahili la Baraza, na huyu Jeremiah Nyagah aliyewakilisha Nyeri na Embu.

Sasa tazama hali ilivyokuwa. Nyagah alichaguliwa na watu wenye vyeti. Wasiokuwa navyo hawakuwa mbali: katika tambarare za Mwea, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, kulikuwa na kambi ambamo wafungwa wa kizuizini waliletwa na kupigwa ili wakiri kiapo chao. Mjumbe alikuwa barazani Nairobi, na wapigakura wake waliokatazwa kupiga kura walikuwa wakichimba mifereji chini ya viboko. Siasa za wastani za eneo hili zilizaliwa mlangoni pa kambi. Lango lilifunguliwa kwa watu wa aina moja tu, nao wakaingia.

Kuna wanaotaka tuishie hapo, tuseme kwamba kumbe walikuwa vibaraka, tufunge kitabu. Ukweli hauwaungi mkono. Wajumbe wanane wa kwanza walikataa vyeo vya uwaziri walivyowekewa mezani na wakoloni, na wale sita walipojiunga nao wakashika msimamo huo huo. Wote 14 waliikataa Katiba ya Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Wafungwa 11 walipouawa kwa marungu katika kambi ya Hola Machi 1959, wajumbe Waafrika hawakunyamaza. Na mkutano wa kwanza wa Lancaster House ulipofunguliwa London Januari 1960, walikwenda kwa sauti moja chini ya uongozi wa Ronald Ngala. Mwalimu wa Embu aliyeingia kwa cheti cha uaminifu alikuwa mmoja wao. Kwa hivyo mlango mtu alioingilia hautuambii kila kitu. Yatupasa kutazama alilofanya baada ya kuingia.

Baada ya Uhuru Nyagah alikuwa Mbunge wa Embu Kusini, eneo ambalo baadaye lilikuja kuitwa Gachoka, na mwaka 1966 Mzee Kenyatta alimteua kuwa Waziri wa Elimu. Alikaa katika wizara hiyo hadi 1968. Miaka miwili, basi. Lakini ni miaka miwili ambayo kila mwalimu anayesoma makala haya bado anaishi ndani yake, na nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya 1967 mwalimu wa Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliajiriwa na kanisa, yule na baraza la wilaya, mwingine na Serikali Kuu. Walimu wawili waliohitimu chuo kimoja mwaka mmoja waliweza kufundisha katika shule mbili zinazotazamana ng'ambo ya mto na kulipwa kwa masharti tofauti. Baraza la wilaya likiishiwa na fedha, mwalimu hukaa mwezi, miwili, bila ya mshahara. Aliyeajiriwa na kanisa aliweza kufutwa kwa sababu zisizohusu darasa kamwe: ameoa mke wa pili, ameonekana kilabuni, amebishana na mchungaji. Wazee walionifundisha mimi walikuwa na hadithi za namna hiyo tele, na walizisimulia wakicheka, kicheko cha mtu aliyevuka mto wenye mamba.

Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kiliundwa Desemba 1957, na tangu awali dai lake kubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Kiligoma, kikatishia kugoma, kikagoma tena. Upande wa pili makanisa hayakutaka kuachilia shule ambazo yalikuwa yameziasisi kwa jasho lake, na mabaraza ya wilaya hayakutaka kupoteza mamlaka. Waziri aliyeketi katikati ya hawa wote alikuwa mwalimu, mwana wa shule za misheni, Mwanglikana, mtu aliyewajua wachungaji kwa majina na aliyemjua mwalimu wa kijijini kwa shida zake. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Mwaka 1968 ikafuata Sheria ya Elimu, ambayo iliwaachia wenye makanisa nafasi ya ufadhili wa shule lakini ikauweka usimamizi mikononi mwa Serikali.

Sidai kwamba Nyagah ndiye aliyetuletea TSC. Walimu waliogoma ndio waliotuletea. Ninachodai ni kwamba jambo lile lilihitaji mtu ambaye pande zote tatu zingekubali kunywa chai naye. Waziri mkali angaliweza kuzinyakua shule, na makanisa yangaliondoka na vyombo vyao. Waziri mwoga angaliunda kamati, na kamati ikaunda kamati nyingine. Walipata mtu wa kadiri, na leo tume ile imo katika Katiba ya 2010, ina kipengele chake, na hata tunapoilalamikia kuhusu uhamisho na kupandishwa vyeo (nami nimeilalamikia sana enzi zangu) tunailalamikia kama watu wenye mlango mmoja wa kubisha. Mwalimu wa kike aliyechukizana na chifu wa kijiji hawezi tena kufutwa na chifu huyo. Ni jambo dogo? Muulize aliyefundisha mwaka 1962.

Wizara ya Kilimo, aliyokabidhiwa mwaka 1970 na kuishikilia kwa sehemu kubwa ya mwongo ule, nitaipitia kwa haraka. Watu wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na wakati wa Nyagah wizarani ndipo baridi kali ilipoangamiza mikahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ikapaa kote duniani. Nyumba nyingi za mawe unazoziona kandokando ya barabara ya kutoka Embu hadi Meru zilijengwa kwa kahawa ya 1976 na 1977. Bila shaka Waziri hakuileta baridi ya Brazil, ingawa katika mikutano ya hadhara yaelekea kuna waliomshukuru kwa hiyo pia.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika tanzia ya aina ile isomwayo makaburini. Yapo mengine.

Machi 1975 aliuawa J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale, na ripoti yake ilipoletwa mwezi wa Juni Serikali ilitaka isipitishwe. Wabunge waliipitisha kwa kura chache tu. Waziri mmoja, Masinde Muliro, aliiunga mkono, na wasaidizi wawili wa mawaziri, Peter Kibisu na John Keen, wakafanya vivyo hivyo. Wote watatu walifutwa kazi papo hapo. Waziri wa Kilimo aliendelea kuwa Waziri wa Kilimo.

Juni 1982 Bunge liliibadilisha Katiba na kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Kazi hiyo ilimalizika kwa alasiri moja. Hoja iliwasilishwa na Charles Njonjo na kuungwa mkono na Mwai Kibaki, mwanasiasa mwingine wa kadiri, na hakuna aliyesimama kupinga. Mbunge wa Gachoka alikuwa na miaka 24 bungeni. Kama kulikuwa na mtu ambaye Bunge lingemsikiliza bila ya kumzomea ni yeye.

Kisha ikaja 1988, mlolongo. Wapigakura wa KANU waliamrishwa kupanga foleni nyuma ya wagombeaji au picha zao, mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 akawa Mbunge bila ya kupingwa. Sitasema mengi juu ya hilo kwa sasa. Nitalirudia.

Haikuwa kwamba eneo hili lilikosa watu wa kusema. Mwaka ule ule wa 1975, baada ya mwili wa J. M. kupatikana, David Gitari, ambaye hakuwa bado Askofu, alipewa nafasi ya kutoa mawaidha katika redio ya Sauti ya Kenya, naye akalileta mbele ya taifa lile swali la kale la Kaini na damu ya nduguye Abeli. Miezi michache baadaye akawa Askofu wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, dayosisi iliyoanzia Embu na Kirinyaga, ikapitia hapa Meru na kufika Isiolo, Marsabit hadi mpakani. Aliuhubiri mlolongo kwa jina lake. Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba yake usiku, akaponea juu ya paa. Askofu huyo na Waziri yule walikuwa waumini wa kanisa moja, katika dayosisi moja. Mara nyingi nimejaribu kuwafikiria Jumapili, mmoja mimbarini na mwingine katika kiti cha mbele, wakipeana mkono mlangoni baada ya ibada.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, ameniambia kwamba namwonea marehemu. Hoja zake nazitoa kwa haki. Kwanza, asema, Gitari alikuwa na kanisa nyuma yake na mbunge alikuwa na Rais mbele yake. Pili, waziri anayefutwa kazi hawezi kulipeleka maji kijijini, na Mbeere ni nchi kavu. Tatu, kila mtu ana karama yake: kuna wa kupiga kelele na kuna wa kujenga, na Nyagah alijenga, si wizarani tu bali hata katika Chama cha Skauti alichokiongoza miaka mingi kwa moyo wa kweli. Nne, na hii ndiyo yenye uzito, mtu wa wastani akiondoka hapachukuliwi na shujaa mahali pake. Huchukuliwa na kibaraka.

Hoja ya nne imenisumbua. Imewasumbua watu wengi waadilifu katika nchi nyingi, na sidhani kwamba ni ya kupuuzwa. Mtu hubaki ndani ili azuie mabaya zaidi, na mabaya aliyoyazuia hayaonekani kwa kuwa yalizuiwa. Nani atayahesabu? Lakini hoja hiyo ina shimo moja. Inamfaa anayebaki na kusema, na vilevile inamfaa anayebaki na kunyamaza, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Muliro hakuwa mtu wa makeke. Ndiye aliyeongoza chama cha Kenya National Party mwaka 1959, chama kilichowapokea watu wa rangi zote wakati wenzake walipokiona kama usaliti, na Bernard Mate wetu alikuwa upande wake. Kwa kipimo chochote cha siku hizo Muliro alikuwa wa kadiri kuliko Nyagah. Na bado Juni 1975 alikuja siku ambayo alilazimika kuchagua, akachagua, akarudi nyumbani bila ya bendera kwenye gari.

Wamarekani nao wana mfano unaofaa kuwekwa mbele ya wanafunzi. Margaret Chase Smith alikuwa Seneta wa jimbo la Maine, wa chama cha Republican, mwanamke pekee katika Seneti wakati huo. Siasa zake zilikuwa za katikati: chama chake kilimwona mlegevu, na wapinzani walimwona mhafidhina. Mwaka 1950 Seneta Joseph McCarthy wa chama hicho hicho alikuwa ameanza kuwaita watu Wakomunisti bila ya ushahidi, na maseneta wenye majina makubwa waliinamisha vichwa wakingoja kimbunga kipite. Tarehe 1 Juni 1950 mama huyo alisimama, akazungumza kwa takriban robo saa bila ya kumtaja McCarthy kwa jina, akatetea haki ya mtu kukosoa, kuwa na imani isiyopendwa na kujifikiria mwenyewe. Maseneta sita tu walitia saini kauli yake. McCarthy alimlipiza kwa kumwondoa katika kamati aliyokuwa akihudumu. Ilichukua hadi Desemba 1954 kwa Seneti kumlaani McCarthy rasmi, kwa kura 67 dhidi ya 22. Smith aliendelea kuwa Seneta hadi Januari 1973, mtu yule yule wa katikati. Hakugeuka mwanamapinduzi kwa sababu ya hotuba moja. Alisema alilotaka kusema kisha akarudi kwenye shughuli zake za bajeti na mabaharia wa Maine.

Hilo ndilo jibu ambalo ningempa kijana wangu leo. Wastani wa Nyagah katika mwaka 1967 na wastani wake katika mwaka 1982 si kitu kimoja, ijapokuwa mtu ni mmoja na sauti ni ile ile ya upole. Mwaka 1967 aliketi baina ya watu waliogombana na akawapa sheria. Mwaka 1982 hapakuwa na pande mbili za kupatanisha. Palikuwa na mwenye nguvu mmoja na ukimya, na aliyesimama katikati ya hivyo viwili alikuwa amesimama upande wa mwenye nguvu. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja, lakini haukutoka kwake.

Alistaafu siasa za uchaguzi mwaka 1992, vyama vingi viliporejea. Kiti cha Gachoka kilikwenda kwa mwanawe Norman kwa tiketi ya chama cha upinzani cha DP, jambo ambalo sijui kama alilicheka au alililia. Mwanawe Nahashon alikuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2001. Joseph alikuwa Mbunge na Waziri, na mwaka 2017 aligombea urais kama mgombea huru, akatembea nchi nzima akizungumza kwa upole kama babake, na kura alizopata zilikuwa chache mno. Binti yake Mary akawa balozi katika UNESCO. Ni familia iliyotumikia, hilo halina ubishi.

Mzee mwenyewe alifariki Aprili 2008. Nchi ilikuwa imetoka kuchinjana. Mwanawe mmoja, Joseph, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa ODM, na mwingine, Norman, alikuwa Kiranja wa Serikali ya Kibaki bungeni katika muhula uliotangulia. Mkataba wa maridhiano ulikuwa umetiwa saini mwishoni mwa Februari, na Baraza la Mawaziri la mseto lilitangazwa mwezi huo huo wa Aprili, Joseph akiwamo. Sijui kama kuna mzee mwingine wa kizazi chake aliyefumba macho huku nyumba yake ikiwa ni ramani kamili ya mgogoro wa nchi, na huku nchi ikitafuta kwa mishumaa watu wa kuketi katikati. Siku zile hakuna aliyeuliza kama mtu wa wastani ana faida gani.

Nilisema nitaurudia mlolongo.

Februari 1988 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi, eneo bunge sitalitaja. Niliitwa kuwa karani wa kuhesabu katika uwanja wa shule hiyo hiyo. Mistari ilikuwa miwili. Mmoja ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukazunguka madarasa, ukatoka langoni na kuteremka hadi mtoni. Mwingine ulikuwa unaishia kwenye choo cha wavulana, hatua chache tu. Nilihesabu kichwa kwa kichwa, nikagusa mabega ya wazazi wa wanafunzi wangu, nikaandika idadi mbili kwenye karatasi na kumkabidhi msimamizi. Jioni mshindi akatangazwa. Alikuwa wa mstari mfupi.

Watu walinitazama. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba mimi ni mwalimu, si mwanasiasa, kwamba nina mke na mtoto mchanga, kwamba mwajiri wangu ni TSC na barua ya kufutwa haihitaji sababu ndefu, kwamba nikiondoka ataletwa karani mwingine mbaya kuliko mimi. Ile hoja ya nne ya rafiki yangu, naijua vizuri, niliitumia kabla yake. Kesho yake niliingia darasani na kufundisha Hesabu.

Kwa hivyo simwandikii Nyagah kama hakimu. Jumamosi iliyofuata kijana alipokuja na daftari lake nilimrudisha kwenye orodha ya wajumbe 14, nikamweleza habari za 1967 na za 1982 kama nilivyozieleza hapa, kisha nikamweleza ya ule uwanja wa shule. Hakuwa ameyasikia kamwe kwa mtu aliyekuwapo. Nje gari la vipaza sauti lilikuwa linapita tena, akangoja litokomee.

"Mwalimu," akasema, "mstari mrefu ulikuwa na watu wangapi?"

Nilimtajia idadi zote mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kuzitamka tangu nilipoikabidhi ile karatasi.